Kuhamisha Windows kutoka hadi diski kwenda SSD bila kuisakinisha upya

Kabla ya kulipia SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka), tazama ukubwa wake. Hadi diski (HDD, ile ya zamani inayozunguka) nyingi za kompyuta mpakato ni za gigabaiti 500, na SSD za bei nafuu mara nyingi ni za 480. Pengo la 20 linaonekana dogo, hasa kwa aliyetumia 150 tu. Clonezilla, programu ya bure tutakayonakilia diski nzima, haihesabu hivyo. Yenyewe hulinganisha diski kwa diski, baiti 500,107,862,016 dhidi ya 480,103,981,056, na hugoma. Nunua ya 500 au 512 ujiondolee kero. Kama ya 480 umeshaichukua, tumia programu ya kuhamishia data inayotolewa bure na watengenezaji kama Samsung na Crucial kwa wenye SSD zao. Hiyo hupunguza yenyewe patisheni (sehemu ya diski), alimradi vilivyomo vinaenea.

Palipokuwa na hadi diski ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya inchi 2.5 huingia SSD ya SATA ya inchi 2.5. Ukitaka ile nyembamba ya M.2, soma kwanza maelezo ya kompyuta yako: tundu linalokubali SATA pekee halitaiona SSD ya NVMe (aina nyingine isiyotumia SATA) hata ikiingia vizuri.

Vifaa vingine ni waya wa SATA kwenda USB, fleshi ya gigabaiti 1 au zaidi na bisibisi ndogo ya nyota. Weka Clonezilla kwenye fleshi kwa programu ya Rufus. Waya uchomeke kwenye tundu la USB 3, kwani USB 2 hupitisha kama megabaiti 35 kwa sekunde, na gigabaiti 200 zitakula zaidi ya saa moja na nusu.

Sasa maandalizi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, usome mstari wa C5. Kama thamani ghafi si sifuri, kuna sekta (vipande vidogo vya diski) zinazoshindwa kusomeka. Nakili kwanza picha na nyaraka muhimu mahali pengine, na usiendeshe amri ya ukaguzi chkdsk /r, maana kuisugua diski inayokufa kunaweza kuimaliza kabisa. Kwa diski mbovu kiasi, Clonezilla ina chaguo la -rescue, linaloruka sekta zisizosomeka badala ya kusimama.

Diski ikiwa nzima, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike hivi, uone kama imesimbwa:

manage-bde -status

Usiseme "mimi sijawahi kuweka BitLocker", yaani usimbaji wa diski wa Windows. Kompyuta nyingi za Windows 11 huja zimeshafungwa kwa usimbaji. Ikiwa C imesimbwa, andika manage-bde -off C: na usubiri mpaka asilimia ifike 0. Ukipuuza, Clonezilla itanakili kila sekta, hata zile tupu, na ukizima Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) ili fleshi iwake, Windows inaweza kukudai ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48.

Kisha:

powercfg /h off
chkdsk C: /f

Amri ya kwanza inaondoa uwashaji wa haraka, ambao huiacha NTFS (mfumo wa faili wa Windows) katika hali ya nusu usingizi. Ya pili itaomba kuanzisha kompyuta upya. Kubali, iache imalize, halafu izime.

Chomeka SSD kwa USB, washa kwa fleshi, chagua device-device kisha disk_to_local_disk. Chanzo kinatangulia, kinachopokea kinafuata. Usitegemee majina sda na sdb ambayo Clonezilla huzipa diski, soma modeli na ukubwa. Ukivigeuza, hadi diski yako inafutwa, na hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Ikiisha, zima, toa chaja, chomoa betri, badilisha diski. Usiwashe zote mbili pamoja mara ya kwanza: zina kitambulisho kimoja, na Windows huizima mojawapo.

Kompyuta ikisema haioni diski ya kuwashia, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uangalie mpangilio wa uwashaji. Diski ya GPT (mpangilio mpya wa patisheni) huhitaji UEFI (njia mpya ya kuwasha), si Legacy (ya zamani). Skrini ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE kwa kawaida humaanisha hali ya SATA kwenye BIOS imegeuka kati ya AHCI na RAID, irudishe ilivyokuwa.

Ikiwaka, endesha fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu la NTFS liwe 0, yaani TRIM (amri inayoijulisha SSD data iliyofutwa) inafanya kazi. Ukinunua SSD kubwa zaidi, Disk Management inaweza kukataa kupanua C kwa sababu patisheni ya urejeshaji imekaa katikati. Isogeze mwisho kwa programu ya GParted kwanza. Rudisha BitLocker kama uliiondoa. Hadi diski ya zamani usiifute kwa wiki mbili hivi, mpaka uhakikishe kila programu inafunguka.