Karata moja ya Februari inatosha

Usomaji wa taroti, yaani karata za picha za kubashiri, wa mwezi huu mtandaoni utakuambia baridi inaisha, theluji inayeyuka, jipende upya. Huku Kisumu jua linachoma mabati na tunangoja mvua ya Machi. Isikusumbue, vumbi nalo lina mwisho wake.

Changanya karata zote 78, vuta moja tu. Kabla hujakimbilia simu kutafuta maana, itazame dakika tano na uandike unachokiona. Mimi nilivuta Nyota, karata ya 17. Katika karata zilizochorwa na msanii Pamela Colman Smith, zilizotoka London mwaka 1909, mwanamke amepiga goti ukingoni. Mtungi mmoja anaumimina kidimbwini, mwingine nchi kavu. Nikajiuliza, mimi hummiminia nani? Kila mtu, isipokuwa mwenyewe. Mwezi huo nikaacha kupokea simu za kazi baada ya saa mbili usiku.

Ikitoka Kifo, namba 13, usiruke. Wasomaji wengi huichukulia kama jambo kuisha ili lingine lianze. Ila akitokea wa kusema una laana, umtumie M-Pesa aiondoe, kata simu.