Amesaini, lakini usimpange bado: jinsi ya kumtumia mchezaji wa NFL aliyerudi kutoka mgomo wa mkataba

Kila mwisho wa Agosti mdogo wangu aliye Dallas hunitumia ujumbe uleule: "Kaka, jamaa amesaini! Nimpange Jumapili?" Na mimi humjibu vilevile: "Tulia. Kilichosaini ni mkono, miguu bado iko likizo."

Ligi yetu ya fantasi ya NFL, yaani futiboli ya Marekani, ina timu 12: kila mmiliki huchagua wachezaji halisi kwa zamu, raundi kwa raundi, na hupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Nusu ya wamiliki wako Marekani, nusu tuko Mombasa na Dar. Kwa mliozoea fantasi ya Ligi Kuu ya England, kisa hiki si kigeni: Alexander Isak aligoma kuichezea Newcastle mwaka 2025, akatua Liverpool 1 Septemba kwa pauni milioni 125, na bao lake la kwanza la ligi akiwa huko likaja 30 Novemba. Kwenye NFL mambo ni hayohayo, ila migomo ya kudai mkataba bora ni mingi zaidi na ina kanuni zake.

Hatua ya 1: Jua amegoma vipi

Kuna anayekaa nyumbani kabisa wakati ana mkataba. Tangu makubaliano ya 2020 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mchezaji mzoefu anayekosa kambi ya kabla ya msimu hutozwa dola 50,000 kwa siku, na klabu haina ruhusa ya kumsamehe. Kwa sababu hiyo wengi sasa wanafanya mgomo baridi: mtu yuko kambini, anahudhuria vikao, anakula chakula cha klabu, lakini mazoezini amesimama pembeni na kofia kichwani.

Wa tatu ndiye wa kuogopa. Huyu mkataba wake umeisha, klabu ikatumia haki yake ya kumbana kwa mkataba wa mwaka mmoja, naye akakataa kuutia sahihi. Kwa kuwa hajasaini, hana faini. Le'Veon Bell wa Pittsburgh alifanya hivyo 2018. Mezani kulikuwa na takriban dola milioni 14.5. Mwisho wa kusaini ulikuwa Jumanne ya baada ya wiki ya 10. Ikapita, na msimu mzima hakugusa mpira. Waliomchagua raundi ya kwanza walimsubiri kama meli ya Krismasi. Aliyemchukua mbadala wake, James Conner, kwa bei ya karanga alipata yadi 973 za kukimbia na tachidauni (kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) 12.

Hatua ya 2: Fuata kalenda ya mshahara

Acha kusoma kila kinachoandikwa na mawakala. Faini za kambini zinauma, lakini mechi ya ligi ikikosekana mchezaji hupoteza fungu moja kati ya 18 ya mshahara wa mwaka. Ndiyo maana wengi hurudi siku chache kabla ya wiki ya kwanza. Ezekiel Elliott alisaini na Dallas 4 Septemba 2019, akacheza Jumapili iliyofuata. Mgomaji akivuka wiki ya kwanza bila kusaini, mhesabu kuwa hayupo mwezi mzima, na ukipata chini ya hapo shukuru.

Hatua ya 3: Mshushe bei siku ya kuchagua

Mimi huwa nashusha raundi moja kwa mwenye mgomo baridi, mbili kwa aliye nje ya kambi, na tatu kwa asiyesaini kabisa. Si sayansi, ni kipimo cha mkono. Mwenzako akimchukua mapema kuliko hapo, mwachie.

Hatua ya 4: Mbadala wake ndiye mali

Hapa ndipo watu hushinda ligi au huipoteza. Mwaka 2019 Melvin Gordon aligomea Chargers, na Austin Ekeler akachukua nafasi. Gordon aliporudi, wiki ya nne alivaa jezi na hakuingia uwanjani. Wiki ya tano akapewa mpira mara 12, akapata yadi 31. Kwa hesabu ya pointi moja kila yadi 10, hizo ni pointi tatu na kidogo. Ekeler hakupotea pia: alimaliza msimu na mapokezi (pasi alizodaka) 92 na yadi 993 za kupokea, kwa sababu alikuwa na kazi ambayo Gordon hakuifanya vizuri kama yeye.

Basi ukimchukua mgomaji, mchukue na mbadala wake, hata ikibidi kumwacha mpokeaji (mdaka pasi) wa nne unayempenda bure. Na usimtupe mbadala siku habari ya kusaini inapotoka. Mwaka mmoja nilimtupa Alhamisi usiku kwa furaha, na Jumapili nikamtazama akifunga kwenye timu ya shemeji yangu.

Hatua ya 5: Wiki ya kwanza, benchi

Mkimbiaji hupoteza pumzi ya mechi na mazoea ya kugongwa. Msuli wa nyuma ya paja nao haujali mkataba. Mpokeaji shida yake ni maelewano na kwotabeki, mrusha pasi: Brandon Aiyuk wa San Francisco alisaini mwisho wa Agosti 2024, akafungua msimu kwa mapokezi mawili na yadi 28.

Kama huna mwingine wa kumpanga, angalia ripoti za mazoezi za Jumatano hadi Ijumaa. Nataka kuona amefanya mazoezi kamili siku mbili za mwisho. Kocha akisema "tutampunguzia mzigo," mwamini. Ni moja ya mara chache makocha husema kweli. Orodha ya wasiocheza hutoka dakika 90 kabla ya mechi, yaani kwa mechi za kwanza za Jumapili ni saa kumi na mbili na nusu jioni kwetu, na baada ya Marekani kurudisha saa nyuma Novemba ni saa moja na nusu usiku.

Elliott alivunja kanuni hii: mpira mara 13, yadi 53 na tachidauni moja. Ila alikuwa amefanya mazoezi Mexico wakati wa mgomo, na hata hivyo mzigo ulikuwa mdogo kwake.

Hatua ya 6: Nunua baada ya mechi mbaya

Ja'Marr Chase wa Cincinnati alikuwa kwenye mgomo baridi 2024. Wiki ya kwanza alipata mapokezi sita na yadi 62, Bengals wakapoteza, wamiliki wake wakanuna. Alimaliza msimu akiongoza ligi kwa mapokezi 127, yadi 1,708 na tachidauni 17. Mwenye kiwango hurudi. Swali ni nani atakuwa naye akirudi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Indianapolis, Oktoba 2023. Jonathan Taylor alisaini dola milioni 42 kwa miaka mitatu Jumamosi, Jumapili akashika mpira mara sita kwa yadi 18. Mbadala wake, Zack Moss, alikimbia yadi 165 na tachidauni mbili siku hiyohiyo. Jumatatu asubuhi bei ya Moss ilikuwa juu kuliko ilivyowahi kuwa, na mwenye Taylor alikuwa na hasira. Huo ndio ujumbe wa kutuma kabla chai haijapoa: "Nikupe Moss na mpokeaji wangu wa pili, unipe Taylor?"