Chanjo ya HPV kwa binti: amueni nyumbani kabla ya siku ya shule

Hapa Tanga, wazazi wengi huanza kuijadili chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, siku ambayo wahudumu wa afya wameshafika shuleni. Mama amekubali, baba yuko baharini, bibi kasikia kwamba inafunga kizazi, na binti anarudi bila chanjo. Kaeni mzungumze mapema.

Anzeni na umri. Chanjo hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 ilikuwa dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni moja. Kwa hiyo dada mtu akiwa alichomwa mara mbili na mdogo wake mara moja, hakuna aliyepunjwa. Binti aliyekaribia miaka 15 msimcheleweshe.

"Mbona bado mdogo?" Kirusi cha HPV huenea kwa kujamiiana, na chanjo huzuia maambukizi tu, haiondoi yaliyokwisha kuingia. Tena mwili wa umri huu hujenga kinga imara zaidi. Kumchanja si kumpa ruhusa ya lolote. Mafunzo ya shangazi na somo yaendelee vilevile.

Kuhusu ugumba, mwelezeni bibi kwa upole, maana hofu yake ni kukosa vitukuu. Ndani ya chanjo hamna kirusi hai, ni maganda ya protini yasiyoweza kuambukiza, na hayaharibu kizazi. Saratani yenyewe ndiyo inayoweza kumfikisha mwanamke kwenye kutolewa kizazi au kupigwa mionzi.

Siku ya chanjo binti anywe chai na ashibe, avae nguo ya mikono inayopandishika kirahisi. Huchomwa nusu mililita kwenye msuli wa juu ya mkono, kisha akae dakika 15. Hili la kukaa tunalisisitiza: wanaozimia mara nyingi huzimia kwa hofu na njaa, na mmoja akianguka kwenye foleni wenzake hufuata, jioni mtaa mzima unasema chanjo imedhuru watoto. Akiwa amefunga Ramadhani na mnahofia atazimia, ombeni achanjwe baada ya Idi, ilimradi umri haujampita.

Mhudumu aambiwe kabla, faraghani, kama binti aliwahi kupata mzio mkali baada ya chanjo, ana homa kali au ana mimba. Anayeishi na VVU huchanjwa, ila yeye huhitaji zaidi ya dozi moja, hivyo aulizieni kwenye kliniki yake.

Mkono kuuma, kuvimba kidogo, kichwa au homa nyepesi huisha kwa siku chache. Uso ukivimba, vipele vikienea mwilini au akipumua kwa shida, mkimbizeni kituo cha afya.

Asiyesoma shule, hata kama anahudhuria madrasa tu, apelekwe zahanati. Ulizeni kwanza siku za chanjo. Kadi yake itunzwe.

Aina 16 na 18 za HPV, zinazolengwa na chanjo, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii. Aina zilizobaki ndizo zitakazomfanya binti ahitaji uchunguzi wa saratani hii akifika miaka 30. Mama aliyekwisha fika umri huo aombe kuchunguzwa sasa, kwani chanjo ya mwanawe haimkingi yeye.