Kuonja Wiski ya Nguvu ya Pipa: Tia Maji Kijiko kwa Kijiko

Kazi yangu ni kunusa samaki. Huu ni mwaka wa 14 niko kwenye kiwanda cha minofu hapa Mwanza: nafunua matamvua ya sangara, nainamisha pua, naamua apite au arudishwe. Ndiyo maana shemeji alipokuja na chupa ya wiski ya Glenfarclas 105, akamimina toti na kuipiga yote kwa mkupuo mmoja, akakohoa hadi machozi yakamtoka, mimi niliumia. Kikohozi kingepita. Kilichoniuma ni kwamba vyote vilivyokuwemo kwenye ile glasi vilishuka kooni bila mtu kuvijua.

Kwanza ujue umeshika nini. Hii ni singo molti ya Uskoti, yaani wiski ya kimea cha shayiri kitupu, iliyopikwa kwenye vyungu vya shaba vya kiwanda kimoja, ikalazwa hukohuko Uskoti kwenye pipa la mwaloni kwa miaka isiyopungua 3. Mwaloni huo ni mti, si Mwaloni yetu ya Kirumba tunakonunua dagaa. Wiski nyingi huongezwa maji kiwandani hadi zifike asilimia 40 au 43 ya pombe, ndipo zitiwe chupani. Ya nguvu ya pipa hutoka na ukali wake, mara nyingi asilimia 50 hadi 60 na ushee. Hii ya shemeji ni 60. Ile 105 ni kipimo cha zamani cha Waingereza chenye maana hiyohiyo. Kwa hiyo kazi ya kutia maji umeachiwa wewe, na ukitia usione umeiharibu.

Toti ya mililita 30 ya wiski hii ina mililita 18 za pombe tupu, wakati toti ya asilimia 40 ina 12. Moja inatosha jioni nzima. Kula kwanza, na pikipiki ilale nyumbani.

Tafuta glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana; glasi ndogo ya mvinyo inafaa kabisa. Maji yawe ya chupa. Ya bomba yana klorini, na pua yangu huikuta klorini kabla ya kitu kingine chochote. Cha kupimia ni kijiko cha chai, yaani mililita 5. Mimi natumia bomba la sindano jipya la duka la dawa, bila sindano yenyewe. Barafu acha kabisa: ubaridi hufunga harufu na kuutia ulimi ganzi.

Sasa joto letu. Mchana wa Mwanza pombe hupanda haraka mno kutoka kwenye glasi na kukuchoma pua. Naikalisha chupa robo saa kwenye beseni la maji ya mtungi, naonja baada ya magharibi. Feni naizima, maana inapeperusha harufu. Jiko la mkaa liende uani. Glasi naifunika kwa kisosi, kwani vile vijidudu vya ziwani vikifuata taa, vitaanza na glasi yako.

Mimina mililita 30, funika, subiri dakika 10. Samaki namzamishia pua. Wiski hii ukiizamishia, hutanusa kitu kwa muda. Ilete glasi usawa wa kifua, halafu kidevu, mdomo ukiwa wazi kidogo, uvute pumzi fupifupi. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako mwenyewe. Hiyo ni mbinu ya kazini, na inarudisha pua mahali pake.

Usitafute maneno yaliyoandikwa kwenye boksi. Jiulize: kuna tunda? Kuna utamu wa namna gani? Mti? Moshi? Jibu kwa vitu ulivyokua navyo. Glenfarclas hii imelala kwenye mapipa yaliyokuwa na sheri, mvinyo mkali wa Hispania, na mimi nakuta tende za Ramadhani, mdalasini, na sukari ya visheti pale inapokaribia kuungua. Mama watoto hanywi, lakini nilimpa anuse. Akasema papo hapo: "Maganda ya chungwa yaliyokaushwa." Nilirudi kwenye glasi nikayakuta, nami nilikuwa nimeyapita mara tatu. Siku ukipata Laphroaig ya kisiwa cha Islay, ambayo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa mboji ya kinamasi iliyokaushwa, utakutana na sangara wa kubanikwa na dawa ya kidonda kwa pamoja.

Onja mara moja bila maji, nusu kijiko tu. Iviringishe mdomoni na mate kwa sekunde kumi, meza, kisha toa pumzi kwa pua. Itachoma. Unachotafuta hapo ni kujua unaanzia wapi.

Sasa maji. Kwa toti kamili ya mililita 30, kijiko kimoja kinaishusha hadi kama asilimia 51, cha pili 45, cha tatu 40. Tia kimoja, zungusha glasi taratibu, subiri dakika 2 au 3, nusa, onja, ndipo ufikirie kingine. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, waliiga mchanganyiko huu kwa kompyuta, wakaona kwamba guayakoli, mojawapo ya viini vya harufu ya moshi, hukaa juu usawa wa hewa pombe ikiwa asilimia 45 au chini. Ikizidi 59, pombe huizunguka na kuizamisha. Ukiona ukungu kwenye glasi usishtuke: ni mafuta ya wiski yenyewe yanajitenga, na hayana ubaya.

Mimi kwa chupa hii naishia kijiko kimoja na nusu. Hapo tende inasimama na moto unatulia. Shemeji alifika cha tatu, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza aliniambia ladha badala ya ukali. Sikubishana naye. Andika kwenye daftari idadi ya vijiko na ulichokuta kwa kila kimoja, maana ikifika cha tatu utakuwa umesahau cha kwanza.

Ukimaliza, usioshe glasi usiku huo. Ifunike, uinuse asubuhi kabla ya chai, pombe ikiwa imekwisha kuruka. Yangu ilibaki na harufu ya sanduku la mbao la bibi kule Ukerewe, lile alilokuwa akihifadhia kanga.