Anayepanda na anayesimama: namna ya kumtambua ng'ombe aliye kwenye joto

Wafugaji wengi wa Njoro, Molo, Bahati na Subukia, katika kaunti ya Nakuru, hulalamika kwamba mbegu haishiki, kisha lawama humwangukia mhamilishaji, yaani anayemtia ng'ombe mbegu ya fahali kwa mrija, au mbegu yenyewe. Mara nyingi wote wawili hawana hatia, kwa kuwa aliyekosea ni mwenye ng'ombe, ambaye aliona tabia fulani zizini akaielewa kinyume.

Mimi mwenyewe nilikosea hivyo. Nilikuwa na ng'ombe wawili, Friziani mweusi na Ayrshire mwekundu, na asubuhi moja nilimkuta yule mwekundu akimpanda mwenzake mara kwa mara, huku mweusi amesimama kimya kana kwamba hayamhusu. Nilimwita mhamilishaji, akaja na mtungi wake wa baridi, akamtia mbegu yule mwekundu aliyekuwa na vurugu, nikalipa. Baada ya wiki tatu mweusi alilia usiku kucha, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba mkimya ndiye aliyekuwa kwenye joto, yaani tayari kupandwa ashike mimba, tangu mwanzo.

Hatua ya kwanza: daftari

Andika tarehe ya kuzaa, na kila joto unaloliona hata kama huna nia ya kumpandisha bado. Mzunguko wa ng'ombe huchukua takriban siku 21, ingawa siku 18 hadi 24 bado ni kawaida. Aliyezaa mpe kama miezi miwili kizazi kirudi mahali pake.

Hatua ya pili: kuwapo kwa wakati wake

Mchana wa jua kali, wakati wa kukama na wakati wa kula, ng'ombe ana shughuli nyingine. Kupandana huzidi nyakati za baridi na utulivu, yaani kuanzia jioni hadi alfajiri. Kwa hiyo simama kando ya zizi kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kukama asubuhi, na tena usiku wanapocheua, pasipo kuwatupia chochote wale. Sakafu ya saruji yenye utelezi nayo huficha mengi, maana ng'ombe anayeogopa kuanguka hampandi mwenzake. Watoe kwenye udongo kila siku, angalau kwa muda mfupi.

Hatua ya tatu: kuisoma tabia

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Joto huanza kwa ng'ombe kukosa utulivu: analia, anatembeatembea, anaacha majani, na maziwa yanapungua katika ndoo bila sababu nyingine. Anawanusa wenzake nyuma, anazunguka nao kichwa kwa mkia, na anaweka kidevu juu ya kiuno cha mwenzake kama anayepima iwapo ataruhusiwa. Uke huvimba kidogo na kuwa mwekundu kwa ndani, na ute mwangavu usio na rangi, unaovutika kama ute wa yai, huning'inia na kugandamana na mkia.

Dalili hizo zote husema kwamba joto linakaribia, lipo au limepita. Inayothibitisha ni moja tu. Ng'ombe aliye kwenye joto hasa hupandwa na mwenzake akasimama tuli. Hakimbii wala hageuki kupiga kichwa. Hukaza miguu, huupinda mgongo kidogo, na mara nyingi husogeza mkia pembeni. Tendo lenyewe ni la sekunde chache, na ndiyo sababu aliyeingia ndani kuchukua ndoo huwa amelikosa. Anayepanda anaweza kuwa anakaribia joto lake, ametoka katika joto, au hata ana mimba. Ukikuta manyoya ya juu ya mkia yamesuguliwa na ubavuni mna matope ya kwato, fahamu kwamba amepandwa usiku.

Penye fahali kazi ni nyepesi. Hunusa mkojo wa jike, kisha huinua kichwa, hukunja mdomo wa juu na kutulia hivyo kwa muda. Watoto hudhani anacheka, kumbe anaivuta harufu hiyo hadi kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa, ambacho humjulisha kama jike yuko tayari.

Hatua ya nne: saa ya kumwita mhamilishaji

Aliyesimama asubuhi apandishwe jioni ya siku hiyo, na aliyesimama jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Kusimama huko hudumu kwa kawaida saa 12 hadi 18, na yai hutoka saa 10 hadi 14 baada ya kusimama kwisha. Mbegu nayo huhitaji saa kadhaa ndani ya kizazi kabla ya kuweza kulirutubisha yai, hivyo haraka nyingi hudhuru kama uchelewaji.

Ukiona damu kidogo mkiani, joto lilipita siku mbili au tatu zilizopita. Usimwite mtu, andika tarehe na usubiri zamu inayofuata.

Maswali ya wanachama

Mfugaji wa Rongai: Mwalimu, nina ng'ombe mmoja tu. Nani atampanda nimwone akisimama?

Jibu: Wewe, ndugu yangu, utategemea ute, kilio na ndoo ya maziwa. Mtazame alfajiri akiwa bado amelala, kwa kuwa ute hutoka kwa wingi akilala na utaukuta chini nyuma yake. Usimkandamize mgongo ukitarajia jibu, kwani njia hiyo ni ya nguruwe: nguruwe jike aliye kwenye joto husimama kama jiwe akikandamizwa, hasa akinusa povu la mdomo wa dume. Ng'ombe hajibu kwa uhakika wa namna hiyo.

Mama wa Molo: Ng'ombe wangu huwapanda wenzake karibu kila siku. Mume wangu asema nimuuze.

Jibu: Jike kumpanda jike ni kawaida kabisa, mama, na pasipo tabia hiyo sisi tusio na fahali tungekuwa vipofu. Lakini wa kila siku, asiye na mzunguko unaohesabika, huenda ana uvimbe wa maji kwenye ovari. Aonwe kwanza na daktari wa mifugo, kwa sababu hali hiyo mara nyingi hutibika, na bei ya mnadani ya ng'ombe asiyeshika mimba mnaijua wenyewe.

Mwanachama wa Kisumu: Samahani kwa swali hili, lakini je, ng'ombe huona raha, au ni maumbile tu yanamsukuma?

Jibu: Swali halina aibu. Homoni inayotoka katika ovari ndiyo inayomfanya atafute kupandwa, na wakati wa tendo mwili wake hutoa oksitosini, ileile inayoshusha maziwa. Ana kinembe pia, na baadhi ya wahamilishaji hukisugua kwa sekunde chache baada ya kutia mbegu. Kuhusu raha, panya wa maabara wametoa ushahidi mzuri: jike anayeachiwa kupanga mwendo wa kumkaribia dume na kumkimbia hurudi kwa hiari mahali alipopandwa, ilhali anayelazimishwa hana hamu napo. Pomboo nao, kwa uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 nchini Marekani, wana kinembe kikubwa chenye neva nyingi, na hupandana hata wakati usio wa kushika mimba. Kwangu mimi, raha na maumbile si vitu viwili vinavyogombana, kwa maana mnyama hafikirii ndama atakayezaliwa baada ya miezi tisa; hufuata kinachompendeza sasa.

Mfugaji wa Njoro: Wangu alitiwa mbegu miezi minne iliyopita, na jana alisimama akapandwa. Nimrudie?

Jibu: Hapana, usimrudie kabla ya kupimwa. Ng'ombe wachache wenye mimba huonyesha joto, na mrija ukipitishwa katika mlango wa kizazi chenye ndama unaweza kuitoa mimba. Mwite daktari ampime kwa mkono leo au kesho, na mtungi wa mbegu ubaki kwenye pikipiki.