Kufuga Nyungunyungu ili Kupata Mboji ya Shamba

Anayetaka kugeuza mabaki ya shamba kuwa mboji kwa msaada wa nyungunyungu atambue kwanza kwamba anaanza kazi ya ufugaji, kwa maana viumbe hawa hula, hupumua kwa ngozi na huzaliana, na hufa haraka wakipuuzwa. Anayefaa si yule mkubwa anayefukuliwa kwa jembe, kwani huyo huchimba mashimo marefu ardhini. Anayetafutwa ni yule mdogo mwekundu, Eisenia fetida kwa jina la kisayansi, ambaye makao yake ni samadi iliyooza na majani yanayooza.

Tayarisha sanduku la mbao au kizimba cha matofali chenye matundu ya kutolea maji chini, mahali penye kivuli na pasipofikiwa na mvua. Upana na urefu ni hiari yako, lakini kina kisizidi sana nusu mita, kwa sababu tabaka nene hujikandamiza na kukosa hewa. Tandika chini mabua yaliyokatwakatwa au majani makavu, uyaloweshe, kisha weka nyungunyungu.

Kosa linaloua nyungunyungu wengi ni kuwapa samadi mbichi. Samadi na majani mabichi yakirundikwa pamoja huchemka, ilhali nyungunyungu hustawi katika nyuzi joto 15 hadi 25 za Selsiasi na huanza kufa zinapozidi 35. Kwa hiyo mabaki yarundikwe nje ya sanduku kwa wiki 2 au 3, yakigeuzwa mara kwa mara hadi yapoe. Hatua hii ina faida ya pili ambayo wengi hawaifikirii: joto la lundo huua sehemu kubwa ya mbegu za magugu, jambo ambalo nyungunyungu hawawezi kulifanya. Samadi ya mifugo iliyopewa dawa ya minyoo hivi karibuni isitumike, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hutoka na kinyesi zikiwa bado na nguvu. Vivyo hivyo mabaki yaliyopuliziwa viuatilifu.

Chakula kitolewe kidogo kidogo, kikichanganywa vitu vikavu kama mabua na vile vibichi kama maganda na majani, na kisiongezwe kabla cha awali hakijapungua. Nyama, mafuta na vyenye chumvi havifai kabisa. Unyevu upimwe kwa mkono: ukifumbata konzi ya mchanganyiko, yatoke matone machache tu. Maji yakizidi, hewa hukosekana, harufu mbaya hutokea na nyungunyungu hupanda kuta wakitafuta pa kutokea; dawa yake ni kuongeza vitu vikavu na kuzibua matundu, wala si kuwarudisha ndani kwa nguvu. Siafu nao huzuiliwa kwa kusimamisha miguu ya sanduku katika vikopo vya maji.

Baada ya miezi 2 au 3, mabaki huwa yamegeuka kuwa chembechembe nyeusi zenye harufu ya udongo baada ya mvua. Acha kulisha upande mmoja na uweke chakula kipya upande wa pili, nao watahama wenyewe. Mwenye haraka aimwage mboji kama vilima vidogo penye mwanga, kwa kuwa nyungunyungu huukimbia na kujikusanya chini, akaondoa tabaka la juu hatua kwa hatua.

Mboji hii hushikamanisha chembe za udongo, hivyo udongo wa kichanga huhifadhi maji zaidi na wa mfinyanzi hupitisha hewa vizuri. Weka konzi moja au mbili katika kila shimo la kupandia na kuifukia, kwa kuwa jua kali huiharibu. Ile ya akiba itunzwe kivulini ikiwa na unyevu kidogo, ndani ya gunia linalopitisha hewa, kwani ikikauka kabisa vijidudu vyake vingi vyenye manufaa hufa.