Kuchagua Mji wa Kusomea Ujerumani: Tanguliza Chumba, Jina la Mji Lifuate

Wanaojiandaa kwenda kusoma Ujerumani hulinganisha vyuo na kozi kwa miezi kadhaa, lakini mji wenyewe wengi huuchagua kwa sababu tu wamezoea kulisikia jina la Berlin au München. Nakusihi uupime mji kwa uzito uleule unaoupima chuo.

Anza na fedha. Mwombaji wa viza asiye na ufadhili wala mdhamini kwa kawaida hutakiwa kuweka euro 11,904 katika akaunti maalumu ya benki, na akishafika huchukua humo euro 992 kila mwezi. Kiwango hicho ni kimoja kwa nchi nzima ilhali kodi za nyumba hutofautiana mno: München, chumba kimoja chaweza kumeza zaidi ya nusu ya fedha hiyo, wakati Leipzig au Chemnitz mwanafunzi hulipa kodi akabakiwa na ya chakula na nauli. Angalia pia jimbo, kwani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila Baden-Württemberg, lenye miji mizuri kama Heidelberg na Tübingen, tangu 2017 limekuwa likiwatoza wengi wa wanafunzi watokao nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

Suala la chumba ndilo linalowaumiza wengi. Sheria inakutaka ujiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia, ukiwa na barua ya mwenye nyumba. Anayelala sebuleni kwa rafiki mara nyingi haipati barua hiyo, na bila usajili, kibali chake cha kuishi huweza kukwama. Kwa hiyo, kabla hujakubali nafasi ya chuo, uliza foleni ya mabweni ya mji huo ina urefu gani, kisha utume maombi ya bweni siku ileile unayopata barua ya udahili.

Miji midogo ya vyuo kama Marburg na Göttingen ina faida ambayo wageni huichelewa kuiona: unakwenda darasani kwa miguu au baiskeli, na Kijerumani unakipata upesi kwa kuwa dukani huna njia nyingine. Hata hivyo, vibarua ni vichache kuliko katika jiji kubwa, na anayetegemea kufanya kazi siku 140 zinazoruhusiwa kwa mwaka alifikirie hilo mapema. Udogo wa mji si lazima uwe upweke. Bayreuth ni mji mdogo, lakini chuo chake kina wataalamu wengi wa masuala ya Afrika, na kwa miaka mingi limefanyika huko kongamano la Kiswahili.

Kwa anayetoka nyumbani mara ya kwanza, mimi ningependekeza mji wa kati kama Leipzig, ambako kodi bado inavumilika, kazi zipo, na chuo kikuu kinafundisha Kiswahili. Kabla ya kuamua, mtafute mwanafunzi anayeishi katika mji unaoutaka na umuulize habari za Desemba, wakati jua linapozama mnamo saa kumi jioni: jioni hizo yeye huzipitisha wapi, na pamoja na nani?